Nyanya za kwenye ndoo zinaoza kitako, na dawa haijasaidia

*Shikamoo mama. Naishi Kinyerezi, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo wa sakafu. Mwezi wa kumi nilisia mbegu za nyanya aina ya Rio Grande, mwezi wa kumi na moja nikahamishia miche kwenye ndoo 12 za lita 10 zilizokuwa za rangi, kila ndoo miche miwili. Ilistawi, majani mazito ya kijani, mpaka majirani wakawa wanakuja kuomba mbegu. Sasa imezaa, lakini karibu kila tunda likifika ukubwa wa ndimu linafanya doa jeusi kwa chini, linadidimia, nalitupa. Maua mengine yanapukutika kabla ya kushika. Jirani mwenye shamba Mkuranga aliniambia ni ukungu, akanipimia dawa ya unga wa njano kwenye kimfuko, nimepulizia mara tatu. Mwingine akasema niweke maganda ya mayai, nimeweka. Urea natia kijiko kimoja cha chakula kwa kila ndoo kila wiki. Maji ni ya kisima cha mwenye nyumba, yana chumvi kidogo. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi usiku ndipo namwagilia. Siku nikichoka naruka, halafu Jumapili namwaga mpaka yafurike. Ndoo mbili nimeshang'oa. Wanangu wamekula upande mzima wa zile zilizooza, je, wako salama? Na je, niachane na nyanya? Mama mkwe anasema sina mkono wa kupanda.*

Marahaba mwanangu. Nianze na watoto, maana nadhani hilo ndilo linalokunyima usingizi. Kuoza kwenyewe hakuna sumu. Ukikata kile kitako cheusi, nyama iliyobaki ikiwa ngumu na ina harufu ya kawaida ya nyanya, inaliwa. Tunda lililoota manyoya ya ukungu au linalotoa maji yenye harufu, litupe lote.

Ninachokihofia mimi ni ile dawa. Dawa iliyopimwa kwenye kimfuko haina jina, haina kipimo, na haikuelezi usubiri siku ngapi kati ya kupulizia na kuchuma. Siku hizo hutofautiana sana kati ya dawa na dawa, nyingine chache, nyingine wiki na zaidi, na huandikwa kwenye pakiti. Rudi kwa jirani yako kwa upole, mwombe akuonyeshe pakiti yenyewe, usome. Kama pakiti haipo, matunda yote yaliyokuwa yameshashika siku uliyopulizia mara ya mwisho mimi nisingewapa watoto, hata yakiwa yameiva vizuri. Wale waliokwisha kula na wanacheza kama kawaida, usiwatie hofu. Ila mtoto yeyote akianza kutapika, kutoka jasho jingi au kuona kizunguzungu, mpeleke hospitali na ile dawa uende nayo mkononi. Iliyobaki usiimwage kwenye mtaro. Irudishe kwa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye nyanya. Wewe una hofu kwamba kuna ugonjwa umeingia, unahama kutoka ndoo hadi ndoo, na kwamba kama usipopata dawa sahihi utapoteza zote. Ndiyo maana umeshang'oa ndoo mbili. Mwanangu, huo si ugonjwa wa kuambukiza. Hakuna mdudu wala ukungu uliouanzisha, kwa hiyo hakuna dawa ya mdudu wala ya ukungu itakayoumaliza, hata ungepulizia mara thelathini. Wakulima na sisi maofisa ugani tunauita kuoza kitako. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na mara nyingi sana chanzo chake ni maji yanayofika kwenye mizizi leo mengi, kesho hakuna.

Chukua tunda moja ulilokuwa unataka kulitupa, ulikate kwa kisu kuanzia kwenye kikonyo hadi kitakoni. Utaona upande wa kikonyo nyama ni nzima kabisa, mbegu zipo, ute upo. Ukishuka chini unakuta utepe wa rangi ya kahawia, halafu ngozi ngumu nyeusi kama kipande cha ngozi ya kiatu iliyolowa ikakauka. Hakuna tundu la funza, hakuna kinyesi chake. Mpaka kati ya pazima na palipokufa unaonekana wazi. Ukungu wa kweli, kama bakajani chelewa, hauchagui kitako. Hushambulia tunda popote, na kabla yake ungeona madoa makubwa kwenye majani na mashina. Wewe umesema majani ni mazito na ya kijani. Hiyo peke yake ilinitosha.

Ule weusi wenye vumbi ambao huenda jirani yako aliuona juu ya doa ni ukungu kweli, lakini ni ukungu uliokuja msibani. Sehemu ilishakufa, nao ukaota juu yake. Simlaumu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwandikia mkulima mmoja dawa ya ukungu kwa tatizo hilihili. Akanunua kwa fedha ya kukopa, akapulizia, nyanya zikaendelea kuoza. Mvua ziliporudi kunyesha kwa mpangilio, matunda mapya yakatoka safi bila dawa yoyote. Yule mzee hakunigombeza, alinishukuru kwa kumtembelea, na jambo hilo limenikaa rohoni kwa zaidi ya miaka 20. Tangu hapo sipendekezi dawa kabla sijalikata tunda.

Kwa nini kitako, na si bega la tunda? Hapa nataka uelewe vizuri, maana ukishaelewa utajua mwenyewe la kufanya hata nisipokuwepo.

Kalsiamu kwa mmea ni kama saruji katikati ya matofali. Ndiyo inayoshikamanisha kuta za chembe hai zake. Tunda linapokuwa changa linajenga haraka mno, tofali juu ya tofali, na saruji inatakiwa kila saa. Lakini kalsiamu haitembei yenyewe ndani ya mmea. Inabebwa na maji yanayopanda kutoka mizizini kupitia mirija ya shina, na maji hayo yanapanda kwa sababu majani yanatoa mvuke hewani. Jani likitoa mvuke, linavuta maji mengine kutoka chini. Jani lina maelfu ya vitundu vidogo vya kupumulia. Tunda la nyanya lina ngozi laini kama iliyopakwa nta, halitoi mvuke wa maana, kwa hiyo nguvu yake ya kuvuta ni ndogo. Maji yanapokuwa haba, majani yanachukua yote, na tunda linapata tone. Katika hilo tone, kikonyo kinapata kwanza, kitako kiko mwisho wa bomba. Kama mtaa wenu una mgawo wa maji unajua nani anakosa. Ni nyumba ya mwisho mlimani.

Jambo la pili: kalsiamu ikishaingia kwenye jani haitoki tena kwenda kwenye tunda. Virutubisho vingine mmea unaweza kuvihamisha, huu hauhamishiki. Ndiyo maana unaweza kuwa na majani yenye kalsiamu tele, na tunda lililo sentimita kumi kutoka hapo likafa kwa njaa.

Kama unataka kuona kwa macho, fanya hivi jioni na watoto. Chukua majani mawili ya chainizi yenye uti mweupe, yakate chini, yasimamishe kwenye glasi ya maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya chakula. Jani moja livalishe mfuko mwangavu ulifunge juu ya maji, la pili liache wazi. Kesho yake jioni jani lililo wazi litakuwa limepandisha wekundu kwenye mishipa yake mpaka juu. Lililofunikwa halikuweza kutoa mvuke, na wekundu utakuwa umepanda kidogo tu. Lililofunikwa ndilo nyanya yako.

Kutokana na hayo turudi kwenye ndoo zako. Ndoo ya lita 10 ukiijaza udongo ukaimwagilia mpaka ivuje, maji ambayo mizizi inaweza kuyanywa humo ni lita 2 hivi. Mche mmoja mkubwa wa nyanya wenye matunda, katika jua la Januari la Dar es Salaam, unaweza kunywa lita 2 hadi 3 kwa siku. Wewe umeweka miwili. Kwa hiyo hata siku ambazo hukuruka, ukimwagilia saa tatu usiku, kesho saa sita mchana ndoo imeshakauka, na jua kali bado halijaanza kupungua. Mchana wote ule unapokuwa kazini, majani yanapigania maji na tunda linakaa bila kitu. Usiku ukirudi unakuta yamesimama tena vizuri, hujui yaliyotokea.

Na Jumapili unapoyafurikisha hulipi deni la wiki. Maji yanayozidi yanatoka chini yakibeba mbolea, na mizizi iliyokuwa imekauka sehemu fulani imeshakufa nyuzi zake changa, zile nyembamba zinazonyonya kalsiamu. Itachukua siku kadhaa kuota tena.

Doa unaloliona leo halikuanza leo. Chembe za kitako zilikufa tunda likiwa dogo, pengine wiki mbili zilizopita, weusi ndio umejitokeza sasa. Maana yake ni kwamba ukianza kesho kumwagilia vizuri, bado utaokota matunda mabovu kwa wiki mbili hivi. Usikate tamaa, usirudi kwenye dawa. Angalia matunda yatakayoshika baada ya leo.

Urea nayo imechangia, na hapa nakuomba uache leo hii. Kijiko cha chakula ni kama gramu 12, na urea ina naitrojeni asilimia 46. Kwa ndoo ya lita 10 kila wiki hicho ni kiwango kikubwa mno. Naitrojeni nyingi inafanya majani yawe mengi na mapana, yale majirani waliyoyasifia, na kila jani jipya ni mdomo mwingine unaovuta maji mbele ya tunda. Isitoshe, urea ikiingia kwenye udongo inageuka kwanza kuwa amonia, na amonia hugombania mlango mmoja na kalsiamu kwenye mizizi. Ongeza chumvi ya kisima juu yake, mizizi inapata shida hata kunywa maji yaliyopo. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi kwa sababu maji ya bahari huingia chini kwa chini pale maji matamu yanapovutwa sana. Tazama ukingo wa ndoo na uso wa udongo. Ukiona utando mweupe, chumvi imeshajikusanya.

Maganda ya mayai. Ni kweli yana kalsiamu, karibu yote ni chokaa. Lakini ganda lililopondwa kwa mkono likatupwa juu ya udongo huyeyuka polepole sana, miezi hata miaka, hasa kama udongo si wenye tindikali. Nyanya zako zitakuwa zimezaa, zimezeeka na kung'olewa kabla ganda halijatoa kitu. Ukipenda, yakaushe, yasage mpaka yawe unga kama wa sembe, uyachanganye na udongo wa msimu ujao. Hayadhuru. Majivu ya kuni usiyazidishe: yana potasiamu nyingi, nayo hugombana na kalsiamu vilevile. Dawa za kalsiamu za kupulizia majani zinauzwa, wengine wanazisifu, lakini kumbuka nilichokuambia kuhusu jani. Kalsiamu ikiingia pale haihami. Usipoteze hela yako.

Nini ufanye na ndoo 10 zilizobaki? La kwanza litakuuma. Kila ndoo chagua mche mmoja ulio bora, wa pili ukate kwa mkasi usawa wa udongo. Usiung'oe, utakata mizizi ya mwenzake. Najua miche hiyo umeilea miezi mitatu, lakini kwa hatua hiyo moja umekata kiu ya ndoo kwa nusu, na hujatumia hata shilingi.

Kisha usihamishe mche uliobaki kwa kuung'oa. Mche wenye matunda ukihamishwa hunyauka na matunda kuoza zaidi. Njia ninayoitumia mimi ni kutafuta kiroba kigumu, kukijaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza kufikia robo tatu, kukilowesha vizuri, kisha nakata kitako cha ndoo ya zamani kwa msumeno nikiwa nimeilaza polepole, na kuisimamisha juu ya ule udongo, ikizama kidogo. Ndani ya wiki chache mizizi inashuka yenyewe na kupata nafasi. Kama msumeno huna, ziache zilivyo, upambane na kumwagilia tu.

Tandaza nyasi kavu au majani makavu juu ya udongo, unene wa vidole vitatu. Matandazo haya yanaokoa maji mengi kuliko watu wanavyodhani. Ziinue ndoo juu ya vipande vya tofali zisikae kwenye sakafu inayochoma, zisogeze zikaribiane zitiliane kivuli, na zilizo na rangi nyeusi zizungushie kiroba cheupe. Umesema zilikuwa za rangi. Kama ni rangi ya maji ya kupaka ukutani na ulizisugua zikatakata, endelea nazo. Kama ni rangi ya mafuta, au ndoo iliwahi kubeba dawa, usipandie chakula humo. Ndoo za mafuta ya kupikia ndizo ninazozipenda.

Kwa vile huwepo mchana, tumia chupa. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, kata kitako chake, toboa kizibo kwa sindano matundu mawili, uichimbie kichwa chini karibu na shina kina cha kiganja. Alfajiri kabla ya kutoka, mwagilia ndoo mpaka itoe matone chini, halafu jaza chupa. Itadondosha polepole wakati wewe uko kwenye daladala na kazini. Jaribu Jumamosi ukiwepo uone inachukua saa ngapi kuisha, na kama inaisha ndani ya saa moja, tafuta sindano nyembamba zaidi. Usiku ukirudi, kabla ya kumwaga chochote, zamisha kidole mpaka kiungo cha pili. Pakiwa pabichi, acha. Pakiwa pakavu, ongeza. Ukizoea utajua hata kwa kuinamisha ndoo kidogo kwa mkono, nyepesi ina kiu.

Ukipata maji ya bomba au ya mvua, siku moja mimina mengi kwa kila ndoo yapite na kutoka chini yaoshe ile chumvi na mabaki ya urea. Baada ya hapo kaa wiki mbili bila mbolea. Kisha, kama majani ya chini yameanza kupauka, weka mbolea ya CAN kijiko kimoja cha chai kwa ndoo kila baada ya wiki mbili, mbali na shina, kwenye udongo uliolowa. Ina naitrojeni pungufu kuliko urea na ina kalsiamu kidogo ndani yake. Haitatibu kitu kama maji hayajatulia, nasisitiza hilo.

Maua yanayopukutika ni jambo jingine kabisa, na hapo kosa si lako. Nyanya hushika matunda vizuri usiku ukiwa na nyuzi joto 15 hadi 20. Zikivuka 21 hivi, chavua inaanza kudhoofu, ua linafunguka, halipati mbegu, linadondoka. Dar es Salaam kuanzia Desemba mpaka Machi usiku mwingi hauteremki sana chini ya nyuzi 24. Unaweza kusaidia kidogo kwa kuzipa ndoo kivuli kuanzia saa nane mchana, na kwa kuyagonga mashina kwa kidole asubuhi ili chavua idondoke, maana ua la nyanya hujichavusha lenyewe likitikiswa. Lakini sitakudanganya: sehemu kubwa ya maua ya Februari utayapoteza.

Kwa hiyo uachane na nyanya? Ningekuwa wewe, nisingeachana nazo, ningezibadilishia mwezi. Sia mbegu mwisho wa Aprili chini ya paa mvua ya masika isiyapige majani, hamisha miche mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, na kipupwe kitakufanyia kazi ambayo hakuna mbolea inayoiweza. Utachuma Agosti. Tumia chombo cha lita 20 au zaidi, mche mmoja. Na ufikirie aina. Rio Grande, Roma na Cal J ni nyanya ndefu zenye umbo la yai, na nyanya za umbo hilo huoza kitako kwa urahisi zaidi kuliko za mviringo. Moneymaker ya mviringo inavumilia zaidi, ila inapanda juu sana, itataka fito ndefu na kamba, na kupunguzwa machipukizi kwapani. Nyanya zile ndogo kama zabibu karibu hazijui kabisa ugonjwa huu, na watoto huzichuma mdomoni moja kwa moja. Kwa kibaraza chenye mtu asiyeshinda nyumbani, hizo ndizo ningekushauri kwanza.

Nikuambie pia ukweli wa mfukoni. Agosti huohuo nyanya za Ilula, Lushoto na Mgeta huwa zimejaa sokoni, na ukihesabu udongo, samadi, maji na alfajiri zako, za ndoo hazitakuwa rahisi kuliko za sokoni. Unazipanda kwa sababu unajua hazikupuliziwa kitu, na kwa ladha ya tunda lililoivia mtini. Hizo ni sababu nzuri, mimi mwenyewe napanda kwa sababu hizo. Ila kama shida ni bajeti ya mboga, pesa iko kwenye majani. Ndoo zako za lita 10 ni nzuri sana kwa mchicha, unaoanza kula wiki ya tatu au ya nne baada ya kusia. Matembele unaomba vipande vya mashina kwa jirani, unachomeka, na ukivuna ncha yanatoka tena miezi na miezi. Bamia na pilipili mbuzi zinapenda joto hili linaloiua chavua ya nyanya. Anza nazo sasa kwenye zile ndoo mbili ulizozing'oa. Pilipili hoho bado, ngojea: nayo huoza kitako kwa sababu zilezile.

Mama mkwe wako mheshimu, lakini kwa hili moyoni usikubali. Miche miwili iliyofika kuzaa ndani ya ndoo ya lita 10, katika joto la Januari, ikimwagiliwa na mtu anayeamka alfajiri na kurudi usiku, haikulelewa na mkono mbaya.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa, na yakitokea umtafute mtu aje ayaone. Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, na maji yapo, usiendelee kumwagilia. Kata shina karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Zikianza kushuka nyuzi nyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna tiba. Mche na udongo wake usiuchanganye na mwingine, wala usipande humo nyanya, bilinganya, pilipili, mnafu wala nyanya chungu. Ukiona njia nyeupe zinazotanuka kuwa mabaka ndani ya majani na vitundu vidogo kwenye matunda, huyo ni kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, na anahitaji mkakati mwingine kabisa. Mizizi ikiwa na vinundu kama shanga, ni minyoo fundo. Na kama umefuata yote niliyoeleza kwa wiki nne na matunda mapya bado yanaoza, basi nashuku maji ya kisima, na hayo hayapimwi kwa ulimi.

Ofisi ya kata ina afisa kilimo, kumwona ni bure, na anaweza kukuelekeza pa kupimia maji na udongo. Maabara za udongo zipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga. Usiende na jani moja lililonyauka kwenye pochi, halitamwambia kitu. Nenda asubuhi na mche mzima uliong'olewa na udongo wake ndani ya mfuko, matunda mawili, moja bovu na moja zima, na chupa ya nusu lita ya maji ya kisima iliyosuuzwa kwanza mara tatu kwa maji hayohayo. Pakiti ya ile dawa ya njano ukiipata, iweke kwenye mfuko wake peke yake, uende nayo pia.